Somnath: Hekalu la Bwana wa Mwezi



Watu wa Kilwa, Mchinga, Lindi na Mikindani hawana haja ya kufundishwa habari za mwezi na bahari. Mvuvi akiuona mwezi mwandamo ajua ya kuwa bamvua limefika: maji yatajaa sana, kisha yatakupwa sana, na wanawake watatoka mwambani kutafuta pweza. Mwezi ukifika nusu, ajua ya kuwa ni maji mafu, wala hatazamii mengi. Mambo haya mtoto wa pwani huyajua kabla hajajua kusoma. Leo twapenda kuwaelezeni habari za nyumba ya ibada iliyo ng'ambo ya bahari yetu, ambayo sifa yake ya kale ilitokana na jambo hilo hilo, yaani mwezi na kujaa kwa maji.

Habari hizi zilianza katika darasa letu kwa swali la mwanafunzi. Tulikuwa tukifundisha habari za safari za dini, jinsi Waislamu waendavyo Makka na Wakristo wapendavyo kuiona Yerusalemu. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Na wale Wahindi ambao wazee wetu waliwaita Mabaniani, wao huhiji wapi?" Swali lilikuwa zuri, nasi tuliona haya kidogo kwa kuwa jibu letu lilikuwa fupi. Watu hao wamefanya biashara katika pwani hii miaka mingi, nasi twajua bei ya nguo zao kuliko tujuavyo jambo lililo kubwa mioyoni mwao. Basi tukaenda kusoma.

Jibu ni kwamba Wahindu wana mahali pengi pa kuhiji. Wako waendao Benares katika mto Ganges, na wako waendao Dwarka, katika ncha ya magharibi ya Gujarati. Lakini katika wale wamwabuduo Mungu kwa jina la Shiva, pana mahali kumi na wawili panapoheshimiwa kupita pengine pote, na Somnath huhesabiwa kuwa pa kwanza. Tumechagua kusema habari za Somnath kwa sababu jina lake limefungamana na pwani yetu tangu miaka elfu iliyopita, kama mtakavyosikia.

Hekalu hili lipo katika mji wa Prabhas Patan, karibu na bandari ya Veraval, upande wa kusini wa rasi ya Saurashtra katika nchi ya Gujarati. Limesimama ufukoni kabisa, hata wakati wa kusi sauti ya mawimbi husikika ndani yake. Karibu na hapo mito mitatu hukutana na kuingia baharini, na Wahindu hupenda kuoga pale kabla ya kwenda kuabudu. Mtu akitoka bandari ile kwa jahazi wakati wa kaskazi, upepo ulimleta pwani hii. Na kusi ilipoanza kuvuma, upepo ulimrudisha kwao. Kwa njia hiyo Gujarati na Kilwa zilikuwa jirani, ingawa bahari iliyo kati yao ni pana.

Maana ya jina Somnath ni Bwana wa Soma, na Soma ndiye Mwezi. Vitabu vya kale vya Wahindu vyasimulia kwamba Mwezi aliwaoa mabinti ishirini na saba wa Daksha. Hesabu hiyo si ya bure, maana ndiyo hesabu ya vituo vya nyota ambavyo mwezi huvipitia usiku baada ya usiku katika safari yake. Lakini Mwezi hakuwa mume mwenye haki. Alimpenda mmoja tu, jina lake Rohini, akakaa nyumbani kwake, na wale wengine akawaacha. Wakaenda kumlalamikia baba yao. Daksha akamwonya mkwewe mara ya kwanza na mara ya pili, asisikie. Ndipo akamwapiza adhoofike mpaka aishe.

Mwezi akaanza kukonda. Usiku ukawa na giza, mimea ikanyauka, na viumbe vyote vikapata taabu. Basi Mwezi akaenda Prabhas, akaoga katika maji ya bahari, akamwomba Shiva kwa unyenyekevu. Shiva akamhurumia, lakini laana ya mzee haikuweza kufutwa kabisa. Akapewa hukumu ya katikati: nusu ya mwezi atapungua, na nusu ya mwezi atakua tena. Kwa shukrani Mwezi akajenga hekalu pale alipopona. Mahali pale pakaitwa Prabhas, yaani mng'ao, kwa kuwa ndipo aliporudishiwa nuru yake.

Hadithi hii si historia kama historia tuwafundishayo wanafunzi, lakini tusipoijua hatutafahamu kwa nini watu husafiri siku nyingi kwenda pale. Mwenye maradhi, mwenye deni na mwenye kujuta, wote huona nafsi zao katika mwezi ule uliokonda. Huambiwa ya kuwa kupungua si mwisho, na kwamba aliyekosa aweza kurudi. Hiyo ndiyo maana ya Somnath katika roho ya mhiji. Ndani ya hekalu hamna sanamu yenye uso wala mikono. Mna jiwe la mviringo lililosimama, liitwalo linga. Mhindu aliyefundishwa vizuri atakwambia kwamba jiwe lile ni alama ya Yule asiyeonekana.

Sasa na tuje katika historia. Karibu na mwaka wa 1030 mtaalamu Mwislamu aitwaye Al-Biruni, aliyezaliwa katika nchi ya Khwarazm, aliandika kitabu kikubwa juu ya Bara Hindi. Alijifunza lugha ya Sanskrit na kuwauliza wataalamu wa Kihindu, akaandika aliyoyasikia bila ya matusi. Habari za Somnath alizieleza kwa namna ambayo mvuvi wa Kilwa angeitikia kwa kichwa. Alisema kwamba maji ya bahari yalipojaa yalilifikia lile jiwe na kuliosha, kisha yakakupwa likaonekana tena. Kwa kuwa kujaa na kupwa kwafuata mwendo wa mwezi, watu walisema kwamba Mwezi mwenyewe amtumikia Bwana wake kila siku. Akaongeza kwamba maji ya mto Ganges na maua ya Kashmir yaliletwa kila siku kwa ajili ya ibada, ingawa nchi hizo zi mbali mno.

Kisha Al-Biruni akataja sababu nyingine ya sifa ya Somnath, na hapa ndipo pwani yetu iingiapo. Alisema kwamba mahali pale palijulikana sana kwa kuwa palikuwa bandari ya mabaharia, na kituo cha watu waliosafiri kati ya China na Sofala katika nchi ya Zanji. Sofala ni ile bandari ya kusini, katika nchi iitwayo leo Msumbiji, iliyotoa dhahabu iliyochimbwa barani Zimbabwe. Na nani asiyejua ya kuwa katika karne zilizofuata Kilwa ndiyo iliyokuwa mlango wa Sofala? Upepo wa msimu mmoja uliweza kumfikisha nahodha wa Gujarati hata Kilwa. Kwenda mbele zaidi ilimbidi angoje. Basi dhahabu ikaja Kilwa, na nguo na shanga za Gujarati zikaja Kilwa pia. Hata vipande vya marumaru iliyochongwa na mafundi wa Gujarati vimeonekana katika magofu ya kisiwa chetu. Wareno walipofika baadaye, waliandika kwamba nguo za Khambhat zilikuwa zikipendwa katika bandari zote za pwani hii.

Bahari iliyolitajirisha hekalu ndiyo iliyoitajirisha Kilwa. Nao utajiri huita wageni wenye upanga. Mwaka 1025 Sultani Mahmud wa Ghazni, mji ulio katika Afghanistan ya leo, alitoka na jeshi lake, akavuka jangwa, na katika Januari 1026 akafika Somnath. Alilivunja lile jiwe, akachukua mali ya hekalu, na vipande vya jiwe vikapelekwa Ghazni. Al-Biruni aliishi chini ya Sultani huyo huyo, maana Mahmud alikuwa ameiteka nchi yake ya Khwarazm mwaka 1017. Hata hivyo hakuficha ukweli. Aliandika kwamba vita vya Mahmud viliharibu fanaka ya nchi zile na kutia chuki kubwa katika mioyo ya Wahindu. Neno hilo ni zito, kwa kuwa lilitoka katika kalamu ya Mwislamu aliyekaa Ghazni.

Waandishi waliokuja nyuma walizidisha kisa hiki. Kila mmoja aliongeza hesabu ya dhahabu na hesabu ya waliokufa, wengine kwa kumsifu Sultani, wengine kwa kumlaani. Mwanafunzi wa historia yampasa kuangalia jambo hili. Masimulizi yakiongezeka uzito kila yanapopita kinywani mwa mtu, ni lazima kuuliza aliyekuwa karibu alisema nini.

Tena tuulize: je, watu waliacha kwenda Somnath? Hawakuacha. Bamba za shaba za mwaka 1059 zilizohifadhiwa Goa zasimulia habari za mfalme mmoja wa ukoo wa Kadamba. Mfalme huyo alikuwa safarini kwa bahari kwenda kuhiji Somnath, mlingoti wa chombo chake ukavunjika, ikambidi kukimbilia bandari ya Goa. Aliyemsaidia pale alikuwa mfanya biashara tajiri Mwislamu. Fikirini, wasikilizaji: Mhindu akienda kuabudu, Mwislamu akimwokoa njiani. Mabaharia wetu hawatastaajabu, maana baharini mtu akiona tanga limeanguka haulizi kwanza dini ya mwenye chombo.

Katika mwaka 1169 andiko la pale Somnath lasema kwamba hekalu lilikuwa limechakaa, na mfalme Kumarapala wa Gujarati akalijenga upya kwa mawe.

Na sasa twafika katika jambo ambalo, kwa maoni yetu, lastahili kufundishwa pamoja na habari za Mahmud. Mwaka 1264 nahodha mmoja Mwislamu wa Hormuz, jina lake Nuruddin Firuz, alitaka kujenga msikiti katika mji ule ule wa Somnath. Hakupora kiwanja. Alikinunua kwa makubaliano na wakubwa wa mji, na kati ya waliomsaidia alikuwako mkubwa mmoja Mhindu aitwaye Chhada, ambaye andiko lamwita rafiki yake wa haki. Mapatano yakachongwa katika jiwe kwa Kiarabu na kwa Kisanskrit. Yaliweka mapato ya maduka na ya kinu cha mafuta yawe ya kulipia taa, maji, na mshahara wa wasomaji, na fedha itakayobaki ipelekwe Makka na Madina. Waliopewa ulinzi wa wakfu huo ni jamaa za manahodha na mabaharia, wakamuaji wa mafuta na mafundi wa chokaa. Hao ni watu wa kazi zile zile zilizojulikana Kilwa.

Andiko la Kisanskrit laanza kwa kumsalimu Mungu kwa jina la Vishvanatha, yaani Bwana wa ulimwengu wote, asiye na umbo. Tarehe imetajwa kwa hesabu nne, ikiwamo hesabu ya Hijra na hesabu za Wahindu, ili kila msomaji ajue siku kwa kalenda yake. Watu hao walijua habari za Mahmud kama tuzijuavyo sisi, wala haikupata bado miaka mia mbili na arobaini tangu siku zile. Lakini walichagua kuandikiana mkataba.

Hatusemi kwamba amani ilidumu daima. Mwaka 1299 jeshi la Sultani Alauddin Khalji wa Delhi lililiharibu hekalu, na likaharibiwa tena mwaka 1395. Katika karne ya 17 mfalme Aurangzeb aliamuru livunjwe. Mwaka 1783 malkia Ahilyabai wa Indore alijenga hekalu dogo karibu na magofu, na ile linga ikawekwa katika chumba cha chini ya ardhi ili iwe salama. Wahiji wakaendelea kuja.

Kisa kimoja cha mwaka 1842 hutuchekesha na kutufunza. Waingereza walipokuwa wakirudi kutoka vita vya Afghanistan, Gavana Mkuu, Lord Ellenborough, aliamuru milango ya kaburi la Mahmud ing'olewe na kuletwa Bara Hindi. Alitangaza kwa fahari kwamba ndiyo milango ya Somnath iliyoibwa, nayo sasa imerudishwa. Wataalamu walipoikagua waliona kwamba mti wake ni mwerezi na uchongaji wake si wa Gujarati. Haikuwa milango ya Somnath kamwe. Ikawekwa katika ngome ya Agra, na huko imebaki. Basi mtu mkubwa naye aweza kudanganyika akiipenda hadithi kuliko ushahidi.

Bara Hindi ilipopata uhuru mwaka 1947, Bwana Vallabhbhai Patel alifika Somnath mwezi wa Novemba akaahidi kwamba hekalu litajengwa tena. Mahatma Gandhi alishauri kwamba fedha zisitoke katika hazina ya serikali, bali zitolewe na watu wenyewe wapendao. Gandhi aliuawa Januari 1948, na Patel akafa Desemba 1950, lakini kazi iliendelea. Magofu ya kale yaliondolewa, na msikiti uliokuwapo mahali pale ukahamishwa. Tarehe 11 Mei 1951 Rais Rajendra Prasad aliiweka linga katika hekalu jipya. Waziri Mkuu Nehru hakupenda Rais aende, kwa kuwa aliona serikali ya watu wa dini nyingi haifai kuonekana imeshika upande wa dini moja. Watu wote hao walikuwa wa nchi moja na walipigania uhuru pamoja, na neno hili liliwagawanya. Mpaka leo hekalu hilo ni fahari ya ibada kwa wengi, na wako wanaoligeuza kuwa hoja ya ugomvi.

Leo mnara wake wainuka karibu futi 150 juu ya ufuko. Mara tatu kila siku taa huzungushwa mbele ya linga, ngoma na kengele zikilia. Usiku mkuu wa Shiva, na siku ya mwezi mpevu wa mwezi wa Kartika, watu hujaa. Mhiji huvua viatu vyake mlangoni, kama Mwislamu avuavyo mlangoni pa msikiti, akaingia kwa miguu mitupu, tajiri na maskini sawa.

Tuache Somnath sasa, turudi nyumbani. Karne ya 19 Wahindi wengi wa Kutch na Gujarati walikuja Unguja na Kilwa Kivinje. Nyumba ya Jairam Shivji, Mhindu wa Kutch, ilikodi ushuru wa forodha za Sultani wa Unguja kwa miaka mingi, na Kivinje ilikuwa moja ya bandari hizo. Wengi walikuja bila wake zao, wakafanya kazi miaka, kisha wakarudi kwao kuwaona jamaa na kuhiji. Wala hatutaficha ya kwamba Kivinje iliishi kwa biashara ya watumwa mpaka mkataba wa 1873 ulipokataza kuwasafirisha baharini, na kwamba fedha za wafanya biashara wa kila dini, Wahindi na Waarabu na Waswahili, ziliingia katika biashara hiyo. Kuhiji hakumtakasi mtu asiyeacha dhuluma. Hata Mwezi katika hadithi ilimpasa kujuta kwanza.

Kisiwa chetu nacho kina magofu yake. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, uliopanuliwa katika karne ya 14 zamani za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, uliwastaajabisha wageni. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji na kuupora. Tangu 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamehesabiwa katika urithi wa ulimwengu, na watu wa nchi nyingi huja kuyatazama. Tukiwauliza watoto wetu nani aliyeipora Kilwa, hujibu upesi. Tukiwauliza nani alinunua na kuuza, akajenga na kusali pale kwa amani karne baada ya karne, hunyamaza. Nasi walimu ndio tuliowafundisha hivyo.

Kwa hiyo, wasikilizaji, tukisimulia habari za Somnath tusimulie zote mbili: upanga wa 1026 na mkataba wa 1264. Ajuaye upanga peke yake atalea kisasi. Ajuaye mkataba peke yake atadanganyika. Hekalu lile halikudumu kwa mawe, maana mawe yalivunjwa mara nyingi. Lilidumu kwa miguu ya watu waliozidi kuja, na kwa majirani waliokubali kuwaacha waje.

Tuna methali isemayo, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Twaitumia kwa mzaha. Lakini yafaa kukumbuka kwamba mwenye kiatu hicho naye ana mlango mtakatifu anapokivua, na mlango huo watazama bahari yetu. Usiku wa bamvua, mtakapoona maji yamejaa mpaka juu ya mchanga, jueni kwamba mwezi uyavutao maji ya Kilwa ndio uyavutao maji ya Somnath.